Guka Alilipwa kwa Plaiwudi

Kwa shosho yangu kule Elburgon kuna wolyuniti. Unaijua hata kama hujawahi kufika Elburgon, maana iko kwa kila sebule iliyopangwa kabla TV hazijakuwa nyembamba. Katikati kuna shimo kubwa la ile TV yenye mgongo. Pande zote mbili kuna vioo, na nyuma ya vioo kuna glasi ambazo hakuna mtu aliwahi kunywea. Chini kuna droo za kuweka vyeti, kalenda za zamani na picha za harusi. Yetu ni nyekundu ya kahawia, inang'aa, na tangu nikiwa mtoto nilijua kitu kimoja kuihusu: ni mahogani, usiikwaruze.

Mwaka jana familia iliamua shosho ahamie Nakuru mjini, karibu na hospitali. Nyumba ya kukodi ilipatikana Kiamunyi. Shida ikawa hiyo wolyuniti. Anko mmoja alisema ivunjwe iwe kuni. Mwingine alisema iuzwe. Shosho alisema haendi popote bila hiyo. Basi nikatumwa mimi na tepu ya kupimia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na muda. Chuo nilikuwa nimeacha njiani, na hilo kila mtu kwetu analijua.

Nilipovuta droo ya chini kabisa, kona yake ilikuwa imefunguka kwa unyevu, kama kitabu kilichonyeshewa. Nikaona tabaka tano. La juu lilikuwa lile jekundu, nyembamba kuliko karatasi ya manila. Zilizobaki zilikuwa za rangi ya uji, na la mwisho kabisa, lile la upande wa ndani ambao hakuna mgeni huona, lilikuwa na jicho la tawi.

"Shosho, hii si mahogani," nikasema.

Akacheka. "Nani alikwambia ni mahogani? Hiyo ni mshahara wa guka yako."

Guka alifanya kazi kwa kiwanda cha mbao karibu miaka thelathini na saba. Kiwanda kilipofunga, walikuwa hawajamlipa miezi mitatu. Hakuna pesa, aliambiwa, lakini stoo kuna mabapa. Akachukua mabapa. Alikodi mkokoteni wa punda, akayaleta nyumbani, na mwaka uliofuata akajenga wolyuniti. Nimeishi nayo maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza.

Tuanze na hiyo plaiwudi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaidharau bila kuijua. Tunasema "ni plaiwudi tu", kama vile tunavyosema "ni mtumba tu". Ukweli ni kwamba plaiwudi ni jibu la tatizo ambalo kila fundi wa mbao analijua. Mbao huvimba ikipata unyevu na husinyaa ikikauka, lakini haifanyi hivyo sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi zake haibadiliki sana. Kwa upana ndiko inakovimba, inakopinda na kupasuka. Ndio maana meza ya mbao nzima uliyonunua msimu wa mvua inaweza kupata ufa mwezi wa pili jua likiwaka.

Plaiwudi inadanganya hiyo tabia. Gogo linalowekwa kwa maji moto au mvuke mpaka lilainike, halafu linafungwa kwa mashine inayolizungusha mbele ya kisu kirefu. Kisu kinalimenya gogo kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda, na kinatoka utepe mrefu wa mbao nyembamba unaoitwa vinia. Vinia inakaushwa, inapakwa gundi, na inapangwa tabaka juu ya tabaka: nyuzi za hili zinaenda kaskazini, za linalofuata zinaenda mashariki. Kila tabaka linamzuia jirani yake asivimbe. Idadi ni ya witiri, yaani tatu, tano, saba, ili uso na mgongo vielekee upande mmoja na bapa lisipinde. Kisha yote yanabanwa kwa joto. Ukitoka hapo una bapa la futi nane kwa nne ambalo hakuna mti wowote wa Mau ungekupa kama mbao moja nzima bila kasoro.

Halafu kuna uso. Vinia ya urembo haimenywi tu, mara nyingi hukatwa vipande vyembamba kama unavyokata mkate, ili mistari ya mti ionekane vizuri. Inaweza kuwa nusu milimita hivi. Hesabu mwenyewe: ubao wa inchi moja wa mahogani, milimita 25, ni ubao mmoja wa meza moja. Unene uleule ukikatwa vinia ya nusu milimita ni nyuso hamsini. Kwa hiyo bapa lenye uso wa mbao ngumu ya kitropiki si lazima liwe utapeli. Ni njia ya kugawa mti mmoja ghali kwa sebule hamsini. Utapeli unaanza pale muuzaji anapokwambia ni mahogani mpaka ndani.

Lakini kwa nini mji kama Elburgon, ulio pembeni mwa msitu mkubwa kabisa wa milimani Kenya, ulihitaji ngozi ya mti wa mbali?

Reli ndiyo iliyoanza. Ilifika Nakuru mwaka wa 1900 na ziwa Victoria 1901, na injini zake zilikula kuni. Njia hiyo ya Nakuru kwenda Kisumu ilipita Njoro, Elburgon, Turi na Molo, na kila stesheni ikazaa mashine za kupasua mbao. Walowezi waliona msitu wakaona pesa. Ewart Grogan, yule anayesifiwa kwa kutembea kutoka Cape mpaka Cairo, alipewa haki ya kukata miti kwenye misitu ya upande wa Eldama Ravine. Mafundi wengi walikuwa Wasikh wa jamii ya Ramgarhia, watu ambao useremala na uhunzi ni kazi ya ukoo, waliokuja na reli kisha wakabaki na misumeno. Na walioshika magogo, kusukuma na kubeba, walikuwa watu kama baba yake guka.

Miti waliyoikuta ni ya asili: mutarakwa, ambao Waingereza waliuita mwerezi wa penseli kwa sababu ulienda Ulaya kutengeneza penseli, na podo, muthengera kwa Kikuyu, mbao nyeupe isiyo na fundo nyingi. Hii miti inachukua karne na zaidi kukua. Haikuchukua muda mrefu serikali ya kikoloni kuona kwamba misumeno inakimbia kuliko msitu. Suluhisho lao, kuanzia karibu 1910, likawa kupanda miti ya kigeni inayokua haraka: saiprasi kutoka Mexico, paini, na mikaratusi kutoka Australia.

Nani apande? Hapo ndipo mfumo wa shamba ulipoingia. Familia isiyo na ardhi iliruhusiwa kuishi msituni na kulima mahindi na viazi mahali palipokatwa miti, kwa sharti kwamba ipande miche na kuipalilia. Miche ikishakuwa mirefu na kufunika jua, familia inahamishwa kwenda kipande kingine. Guka alizaliwa kwenye kijiji cha aina hiyo. Alikuwa akisema yeye na saiprasi ni mariika, walipandwa mwaka mmoja. Watoto walikua wakitunza miti ambayo si yao, kwenye ardhi ambayo si yao, halafu wakienda kiwandani kuipasua. Hakuwa akisema hivyo kwa uchungu. Alikuwa akisema tu jinsi mambo yalivyokuwa.

Sasa saiprasi na paini ni mbao nzuri za kujengea paa, lakini ni laini na rangi yake haina heshima sebuleni. Zinafaa kuwa nyama ya plaiwudi. Ngozi ilibidi itoke kwingine. Uganda kulikuwa na Budongo, msitu wa mahogani karibu na Masindi. Zaidi ya hapo kuna Kongo, misitu ya Ituri na Kivu Kaskazini, ambako malori ya mbao hutoka Mambasa na Beni, yanakatiza Uganda mpaka mpakani kwetu. Huku Kenya kila mbao nyekundu ya kitropiki huitwa mahogani. Fundi atakuuzia sapele akiiita mahogani, na hasemi uongo kwa nia mbaya, ndivyo alivyofunzwa. Duniani kwingine hadithi ni hiyohiyo kwa majina tofauti: okoumé ya Gabon ilienda kuvika plaiwudi za Ufaransa, na meranti ya Malaysia na Indonesia ilivika za Asia nzima.

Hiyo ngozi ina historia yake nzito. Mwaka wa 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu jinsi mali ya Kongo ilivyokuwa ikiporwa wakati wa vita, na mbao zilikuwa ndani ya ripoti, pamoja na dhahabu na koltani. Sijui uso wa wolyuniti yetu ulitoka mti gani. Lakini siwezi tena kuuangalia nikafikiria Elburgon peke yake.

Na sasa tufike 1999, mwaka ambao kwetu unatajwa kama watu wengine wanavyotaja mwaka wa njaa.

Mwaka huo serikali ilipiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma. Sababu haikuwa ya kubuni. Misitu ilikuwa imeliwa, mashamba ya miti hayakuwa yakipandwa upya vizuri, na mito ilikuwa inapungua. Ila marufuku haikuwa ya kila mtu. Kampuni chache kubwa ziliachwa ziendelee: Pan Paper ya Webuye, Raiply ya Eldoret, Timsales ya hapahapa Elburgon. Mashine ndogo ndogo ndizo zilizonyamaza. Ukitembea Elburgon, Molo au Njoro na mzee yeyote wa umri wa guka, atakuonyesha: hapa palikuwa na mashine, na hapa, na pale kwenye kanisa pia palikuwa na mashine. Kiwanda cha guka kilikuwa mojawapo ya vilivyonyamaza.

Kinachouma zaidi ni kilichofuata. Mwaka wa 2001 serikali hiyohiyo ilikata karibu hekta 35,300 kutoka Msitu wa Mau Mashariki, zaidi ya nusu ya msitu huo, ikazigawa kuwa makazi na mashamba. Mto Njoro, unaoingia Ziwa Nakuru, unatoka hukohuko. Yaani mtu wa mashine aliambiwa aweke msumeno chini ili msitu upone, halafu msitu wenyewe ukagawanywa. Wengine waliopewa walikuwa maskini kweli, na miaka michache baadaye wakafukuzwa wengine wao. Sitaki kuchagua upande mmoja kirahisi. Naona tu kwamba kila mara bei ililipwa na aliyekuwa karibu na mti.

Ilirudi tena Februari 2018. Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, alitangaza marufuku ya siku 90. Siku 90 zikawa miaka mitano na zaidi. Mbao za paini zikawa zinatoka Tanzania, mabapa yakawa yanatoka China. Tarehe 2 Julai 2023, Ruto akiwa sasa Rais, alisimama Molo akatangaza marufuku imeondolewa. Watu walishangilia. Chama cha Wanasheria kilienda mahakamani na mahakama ikasimamisha uamuzi huo kwa muda. Wakati huohuo nchi imeahidi kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na Katiba ya 2010 inasema tufikishe angalau asilimia 10 ya miti. Ukiwa kijana wa Elburgon unayetafuta kibarua, unasikia hizi habari zote kwa redio moja, asubuhi moja.

Nikarudi Nakuru na kile kipande cha droo, nikakipeleka kwa fundi mmoja Shabaab ambaye anajua mabapa kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Nilitaka kujua kama anaweza kukipiga msasa na kukirudishia rangi. Akakiangalia kwa pembeni, si usoni. Hilo ndilo somo la kwanza: ukinunua plaiwudi usiangalie uso, angalia ukingo. Hesabu tabaka. Tafuta mapengo, maana penye pengo ndipo skrubu itakapong'oka. Kama tabaka za ndani hazina unene sawa, bapa litapinda.

"Hii huwezi piga msasa, kijana," akasema. "Uso umebaki kama ngozi ya kitunguu. Mara mbili tu na unatokea upande wa paini."

Nikamuuliza kwa nini ilifunguka. Akaniambia ni gundi. Plaiwudi ya ndani ya nyumba hutumia gundi ya yurea, ambayo ni bei nafuu lakini haipendi maji. Ya nje hutumia gundi ya fenoli, ile nyeusi nyeusi unayoona kama mistari kwenye ukingo. Ukitaka kujua, alisema, usiulize muuzaji, kata kipande ukichemshe. Viwandani kipimo cha gundi isiyoogopa maji ni kuchemsha saa 72. Yeye huchemsha kwenye sufuria nzee mpaka chakula cha mchana. Ikifunguka kabla ya ugali kuiva, ni ya kabati la chumbani tu, si ya jikoni.

Na ile wanayoita marini bodi, yenye uso laini wa kahawia, msidanganyike na jina. Nyingi ya hiyo haijawahi kukusudiwa kwa mashua. Ni ya kumwagia zege. Tangu Nakuru iwe jiji, Desemba 2021, ghorofa zinaota kila kona, na kila sakafu ya ghorofa ilianza ikiwa imelalia mabapa ya plaiwudi. Sakafu za matatu ni plaiwudi. Majeneza mengi ni plaiwudi au blokbodi yenye uso wa mahogani. Mlango wa nyumba yako ya kukodi, ule ukigonga unasikia uwazi ndani, ni ngozi mbili na fremu. Zamani hata chai ya Kericho na ya dunia nzima ilisafiri kwa makasha ya plaiwudi, kabla ya magunia ya karatasi.

Fundi alikohoa akiongea. Guka pia alikuwa akikohoa, na sisi watoto tulidhani wazee wote wanakohoa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka wa 1995, na fomaldehaidi, gesi inayotoka kwenye hizo gundi, mwaka wa 2004. Siwezi kusema ndicho kilichomuua guka, hakuna daktari aliyetuambia hivyo. Ninachojua ni kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupewa barakoa. Alikuwa akifunga leso.

Nilimuuliza fundi kama ataweza kupata uso mwingine wa mahogani, wa kweli. Akasema unapatikana, ukiwa na pesa. Lakini mambo yanabadilika. Mwaka wa 2022, kwenye mkutano wa CITES kule Panama, nchi zilikubaliana kuweka mahogani ya Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali. Orodha inataja magogo, mbao, vinia na hata plaiwudi. Yaani kwa mara ya kwanza, karatasi inatakiwa isafiri na ngozi. Kama itasafiri kweli kupitia Mambasa na Busia, hilo ni jambo lingine.

Wolyuniti haikuingia Kiamunyi nzima. Lakini guka hakuwa ametumia misumari, alitumia skrubu, kila mahali, kama mtu aliyejua kwamba siku moja itahamishwa na mtu asiye fundi. Nilitumia Jumamosi nzima kuifungua. Ile sehemu ya katikati ya TV tuliiacha. Pande mbili za vioo ziko Kiamunyi sasa, pamoja na glasi zake, na bado hatuzinywei. Droo ya chini ilitengenezwa upya kwa paini, ikapakwa rangi, na ukiangalia vizuri unaona haifanani.

Shosho aliiona mara moja. Akauliza ile ya zamani iko wapi. Nikamwambia ninayo.

"Usiitupe," akasema. "Hiyo ni miezi mitatu."